Kurudisha kisima kilichoingiwa na maji ya mafuriko

Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, kwenye bonde la Rufiji na kando ya Mto Tana, swali lililotangulia lilikuwa moja: tutie klorini kiasi gani? Swali zuri, ila limewahi mno. Klorini huua vijidudu. Haizoi tope wala haiondoi mafuta. Kwenye maji yenye rangi ya chai ya maziwa, nguvu yake huishia kwenye uchafu kabla haijafika kwa bakteria.

Maelezo haya ni ya kisima cha kuchimba kwa mkono, cha pete za zege au matofali.

1. Zunguka kabla ya kugusa kitu

Ngoja mafuriko yaondoke kabisa. Kisha tafuta: choo cha shimo kilichofurika kiko umbali gani? Je, kuna stoo ya dawa za shamba, pipa la dizeli, au karakana upande wa juu? Nusa maji ya ndoo ya kwanza.

Ukiona utando unaong'aa rangi rangi juu ya maji, uchokoze kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande na kubaki hivyo, mara nyingi ni bakteria wa chuma, wasio na neno. Ukirudi kuungana mara moja, hayo ni mafuta. Hapo simama: funga kisima, weka alama watu wasichote, na upeleke taarifa kwa mamlaka ya maji ya eneo lako ili sampuli ipimwe maabara. Fanya vivyo hivyo ukishuku dawa za shamba. Usijaribu kuzimaliza kwa klorini.

2. Toa maji, lakini taratibu

Udongo unaozunguka kisima bado umeshiba maji. Ukikausha kisima kwa haraka, maji ya nje husukuma kuta na pete zinaweza kuporomoka. Vuta kidogo, pumzika, tazama. Mchanga ukianza kumiminika kwenye maungio ya pete, acha.

Pampu ya petroli ikae juu, mbali na mdomo wa kisima, upande ambao upepo hauingizi moshi ndani. Usiishushe kisimani hata kama mpira wa kuvutia ni mfupi. Tafuta mpira mwingine. Moshi wa pampu hauonekani wote na huua kimya kimya. Wako wanaoshusha taa ya chemli kupima hewa. Ikizimika, hakuna wa kushuka. Isipozimika, bado si kibali, kwa sababu moshi wa pampu hauzimi taa. Na palipo na harufu ya petroli, moto usikaribie kabisa. Anayeshuka afungwe kamba, na juu wawepo watu wa kumvuta.

3. Zoa tope, sugua kuta

Kazi nzito iko hapa, na ndipo wengi wanapolipua. Toa tope, majani na mizoga mpaka ufikie changarawe ya chini. Sugua kuta kwa brashi ngumu, kisha ziba nyufa kwa saruji, hasa kwenye pete za juu ambako maji machafu hupenyea. Acha kisima kijae, vuta tena, rudia mpaka maji yatoke maangavu.

4. Sasa klorini

Pima kimo cha maji kwa kamba yenye jiwe. Kisima chenye upana wa mita 1.2 na kimo cha maji cha mita 3: 3.14 × 0.6 × 0.6 × 3, yaani mita za ujazo 3.4 hivi. Kwa klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, tia gramu 75 kwa kila mita ya ujazo. Hapa ni gramu 255. Utapata takriban miligramu 50 kwa lita. Jiki ya asilimia 3.5 ingekulazimu kumwaga karibu lita 5.

Vaa glavu na miwani. Jaza ndoo ya plastiki maji kwanza ndipo utie unga, kamwe si maji juu ya unga. Acha mashapo ya chokaa yatuame, mimina maji ya juu tu kuzunguka kuta, kisha koroga kisima kwa kutoa na kurudisha ndoo. Funika, acha usiku kucha. Mtu asichote. Unga uliobaki usiuweke karibu na mafuta. Huweza kuwasha moto.

5. Vuta, pima, subiri

Vuta maji hadi klorini iliyosalia ishuke chini ya miligramu 0.5 kwa lita kwa kipimo cha vidonge vinavyobadili rangi ya maji. Usiyaelekeze bwawani wala mtoni, yataua samaki.

Sampuli ya E. coli, bakteria wanaoashiria kinyesi, ichukuliwe siku kadhaa baadaye, klorini ikiisha, vinginevyo majibu yatakudanganya. Kinachotakiwa ni sifuri katika mililita 100. Mpaka majibu yatoke, kaya zichemshe maji ya kunywa.

E. coli wakirudi baada ya kutibu mara ya pili, usinunue unga mwingine. Uchafu unaingia kutoka mahali: nyufa, sakafu iliyopasuka, au choo kilicho karibu mno. Inua mdomo wa kisima juu ya alama ya mafuriko, jenga sakafu ya zege yenye mteremko na mtaro, kisha pima upya.