Quake kwa pedi: jinsi ya kuipanga konsoli ili gemu ya 1996 ikimbie inavyostahili

Nilijifunza Quake, gemu ya kupiga risasi inayochezwa kwa macho ya mhusika mwenyewe, kwa kibodi na kipanya, na kwa miaka mingi niliamini haichezeki kwa kitu kingine chochote. Toleo la konsoli lililotoka Agosti 2021 ndilo lililonibadilisha, ila halikunibadilisha siku ile ile. Mara ya kwanza niliicheza na mipangilio kama ilivyokuja: mwili ulikuwa mzito, bunduki ikachelewa kugeuka, na adui aliye nyuma alinimaliza kabla sijamwona. Baadaye nikaelewa kwamba gemu haina kasoro, na pedi (kidhibiti cha mkononi cha konsoli) nayo haina. Kilichokosekana ni kuvipatanisha viwili hivyo. Utaratibu huu ndio nilioutumia kuvipatanisha. Ufuate kwa mfululizo, maana kila hatua inategemea iliyotangulia.

Hatua ya 1: Chagua toleo

Quake imeletwa kwenye konsoli zaidi ya mara moja. Mwaka 1997 Lobotomy Software waliijenga upya kwa injini (programu ya msingi inayoendesha gemu) yao wenyewe ili Sega Saturn iweze kuibeba, na mwaka 1998 Midway wakaileta Nintendo 64. Nayaheshimu sana matoleo hayo kwa jinsi yalivyobanwa na mashine za wakati ule, lakini kwa kucheza leo chukua lile la 2021 la Nightdive Studios. Lipo kwa PlayStation, Xbox na Switch. Ndani yake utakuta sehemu nne za awali, vifurushi viwili vya nyongeza vya 1997 (Scourge of Armagon na Dissolution of Eternity), na vingine viwili vya studio ya MachineGames. Toleo la Nintendo 64 nalo linapakuliwa bure kama nyongeza. Muziki wa Trent Reznor na bendi yake ya Nine Inch Nails umo, kwa hiyo usizime sauti.

Hatua ya 2: Anza na runinga

Watu wengi huruka hapa, kisha hulaumu pedi. Runinga za kisasa huichakata picha kabla ya kuionyesha, na ucheleweshaji huo unauhisi kidoleni. Ingia kwenye menyu ya runinga yenyewe uwashe hali ya gemu. PS5 na Xbox Series X zinaweza kufika fremu (picha) 120 kwa sekunde kama runinga inazipokea. Switch inakwenda 60, na kwa Quake hizo zinatosha kabisa.

Kisha fungua mipangilio ya picha ndani ya gemu. Zima ukungu wa mwendo na ule unaofifisha vitu vya mbali, kwa sababu adui wa Quake ana rangi ya kahawia mbele ya ukuta wa kahawia na unahitaji kumwona mapema. Panua uga wa kuona (upana wa eneo unaloliona kwenye skrini) kidogo kidogo mpaka uanze kuona kingo za mlango unapopita, halafu uishie hapo.

Hatua ya 3: Washa kukimbia daima

Bila hili, mwili wako unakwenda vipimo 200 vya ndani ya gemu kwa sekunde. Ukikimbia unafika 320. Ramani zote zilipimwa kwa mwendo huo wa pili: mapengo ya kuruka, muda wa milango, hata nafasi ya kulikwepa bomu la Ogre, adui anayerusha mabomu. Anayetembea katika Quake anacheza gemu nyingine kabisa.

Hatua ya 4: Kidole gumba kisiondoke kwenye kijiti

Kama nikiruhusiwa kukupa ushauri mmoja tu, ningechagua huu. Angalia kitufe cha kuruka kiko wapi. Kikiwa miongoni mwa vile vinne vya usoni, kila unaporuka kidole gumba kinaacha kijiti cha kulia, na kwa muda huo huwezi kugeuka wala kulenga. Kihamishie kwenye bega, yaani vitufe vya juu ya pedi: L1 au L2 vya kushoto (majina ya PlayStation). Kufyatua kubaki R2 cha kulia. Gurudumu la silaha, menyu ya duara ya kuchagua silaha, liweke kwenye bega lililobaki. Vitufe vya usoni viachie mambo yasiyo ya haraka.

Usione kama unaiharibu gemu ya asili kwa kubadilisha vitufe. Quake ilipotoka Juni 1996, kutazama huku na huku kwa kipanya hakukuwashwa tangu mwanzo. Mchezaji alilazimika kuandika amri mwenyewe. Dennis Fong, mchezaji aliyejulikana kama Thresh, alikuwa miongoni mwa waliosambaza mpangilio wa W, A, S na D (vitufe vya kibodi vya kutembea), na mwaka 1997 alishinda mashindano ya Quake ambayo zawadi yake ilikuwa Ferrari ya John Carmack mwenyewe, mmoja wa waundaji wa Quake. Hadi leo sehemu ya ustadi wa Quake ni kujipangia vitufe.

Hatua ya 5: Kasi ya kugeuka

Puuza namba za kwenye menyu na utumie mwili wako. Simama ukiutazama ukuta, sukuma kijiti cha kulia hadi mwisho, na useme "moja" kwa sauti ya kawaida. Ukimaliza neno uwe umeshaupa ukuta mgongo. Ukiwa bado njiani, ongeza kasi. Ukipitiliza, punguza. Kasi ya juu na chini iwe ndogo kuliko ya pembeni, kwa kuwa hapa unageuka zaidi kuliko unavyoinua kichwa.

Ukiwa na PlayStation au Switch, washa pia jairo, yaani kihisi cha mwendo kilicho ndani ya pedi. Tumia kijiti kukugeuza kwa jumla, kisha kifundo cha mkono kimalizie shabaha. Siku mbili za kwanza utaona picha inatikisika. Vumilia, uegemeze mikono mapajani. Kwangu jairo ndiyo iliyofuta sehemu kubwa ya tofauti niliyokuwa nikiilalamikia kati ya pedi na kipanya. Pedi ya kawaida ya Xbox haina kihisi hicho, kwa hiyo huko hatua inayofuata ndiyo itakayokubeba.

Hatua ya 6: Lenga kwa miguu

Nenda kwenye ukumbi wa mwanzo, wenye njia tatu za kuchagua ugumu. Hakuna adui pale. Chagua kona ya ukuta au nguzo, izunguke kwa kijiti cha kushoto peke yake, na kijiti cha kulia kikisogezwa kidogo tu ili shabaha ibaki palepale. Zunguka kulia mara kumi, kushoto mara kumi. Baada ya hapo ingia The Slipgate Complex, ramani ya kwanza, ufanye hivyo hivyo kwa askari wa kwanza. Usikitafute kichwa chake kwa kijiti; uache mwili wako uteleze pembeni mpaka yeye mwenyewe aingie kwenye shabaha, ndipo ufyatue.

Mbinu hii inafanya kazi kwa sababu ya maumbile ya gemu. Fiend, adui anayekurukia, akiruka anakwenda mstari ulionyooka, na hatua moja pembeni inatosha kumpitisha. Shambler, jitu kubwa jeupe, ana uhai 600 na milipuko inamwumiza nusu tu, lakini ana desturi ya kuinua mikono kabla ya kurusha radi. Jifiche nyuma ya nguzo anapoinua, toka akishamaliza, fyatua, rudi. Hakuna shabaha ya kipanya inayohitajika hapo. Kinachohitajika ni mwendo kwa wakati wake.

Hatua ya 7: Silaha zinazoipenda pedi

Roketi inasamehe. Mlipuko wake unaumiza hata ukikosa kidogo, kwa hiyo lenga sakafu miguuni pa adui, mbele ya anakoelekea. Bunduki ya mitutu miwili inafaa kwa karibu. Zombi hafi kwa risasi ndogondogo: huanguka kisha akanyanyuka, kwa hiyo mwekee mabomu. Radi ya Thunderbolt, silaha ya umeme, ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu lazima umfuate adui bila kumwachia, na bila jairo mimi huiweka akiba kwa ajili ya Shambler. Usiifyatue kamwe ukiwa majini. Itamwaga nguvu yake yote mara moja na kukuua wewe.

Hatua ya 8: Kucheza na wengine

Mtandaoni wachezaji wa konsoli na kompyuta wanaweza kukutana, na dhidi ya mwenye kipanya aliyebobea utazidiwa kwenye radi na kwenye kuruka kwa roketi (kujirusha juu kwa mlipuko wa roketi yako mwenyewe), ambako lazima utazame chini na kurudi juu kufumba na kufumbua. Pale ambapo konsoli inaipita kompyuta ni sebuleni. Watu hadi wanne mnaweza kugawana runinga moja na kuipitia hadithi nzima pamoja. Mpe kila mmoja nafasi ya kufanya hatua ya 4 na ya 5 kwa pedi yake kabla hamjaanza, kwa kuwa kasi inayokufaa wewe itamtia mwenzako kizunguzungu.