Somo: kupima mwinamo wa mgongo wa mpakiaji wa matoke kwa vihisi vya kuvaa

Somo hili ni la anayetaka kujua mpakuaji au mpakiaji wa matoke Kampala anainama kiasi gani na kwa muda gani, tangu lori la Fuso linapofunguliwa alfajiri hadi mzigo kwisha. Ukipata namba za ajabu, usikimbilie programu. Anza na mkanda, kisha sifuri, yaani usomaji wa mtu akiwa amesimama wima. Huko ndiko makosa mengi hukaa.

Vifaa. Ubao wa ESP32 (kompyuta ndogo) mmoja, vihisi vya MPU6050 viwili (kila kimoja kina akselerometa inayohisi mvutano na mtikisiko, na jairoskopu inayopima kasi ya kuzunguka), kisomaji cha memori kadi, betri ya lithiamu ya mAh 1000 yenye kinga, mikanda ya lastiki ya sentimita 5, na simu ya kurekodi video. Magnetometa (dira ya kielektroniki) achana nayo: bodi la lori ni chuma mtupu, na mwinamo hupimwa kwa mvutano wa dunia, hauhitaji kujua kaskazini iko wapi.

Hatua ya 1: kagua na unganisha. Soma rejista (kisanduku cha memori ndani ya kihisi) 0x75 ya kila kihisi. MPU6050 hujibu 0x68. Ukipata 0x70 umeuziwa MPU6500, inafanya kazi lakini bafa yake (hifadhi ya muda ya usomaji) ni ndogo. Vihisi vyote viwili huzaliwa na anwani moja, 0x68, kwa hiyo pini ya AD0 ya kimoja ipeleke kwenye volti 3.3 ili kiwe 0x69. Kihisi kikiwashwa huwa bado usingizini: andika 0 kwenye rejista 0x6B, la sivyo utasoma sifuri tupu.

Hatua ya 2: mipangilio. Akselerometa ±8 g, jairoskopu ±1000 digrii kwa sekunde, usomaji mara 100 kwa sekunde. Zima Wi-Fi, inakula betri. Kadi ikiwa inaandika husimama ghafla kidogo, na usomaji unapotea bila kukuambia. Tumia bafa ya ndani ya kihisi. Ile ya MPU6050 ni baiti 1024, yaani karibu sekunde 0.85 kwa mpangilio huu. Saa moja ya vihisi viwili ni kama MB 40 kwa maandishi ya kawaida.

Hatua ya 3: kuvalisha. Kihisi cha kwanza kifuani, juu ya mfupa wa katikati. Mgongoni kati ya mabega ni pazuri kwa karani, si kwa mtu anayebeba mkungu begani. Cha pili kwenye mfupa wa nyonga nyuma, chini kidogo ya mstari wa mkanda wa suruali. Tofauti ya viwili hivi ndiyo inayokuonyesha kama mtu anakunja mgongo wenyewe au anainama kutoka nyongani. Betri na ubao vikae ubavuni, mbali na mahali mkungu unapoweza kuangukia. Betri ya lithiamu ikitobolewa huwaka. Funga kila kitu ndani ya kavera (mfuko wa plastiki), jasho huingia kila tundu. Velkro usiitegemee peke yake: utomvu wa matoke na nyuzi za majani huijaza, na kufikia saa nne asubuhi haishiki tena. Tumia mkanda wenye bizimu.

Hatua ya 4: sifuri. Mwache mtu afanye kazi dakika 10 kwanza, kihisi kipate joto la mwili, maana sifuri ya jairoskopu huhama na joto. Kisha asimame wima sekunde 10, mikono chini, na ainame mbele mara tatu bila kupinda pembeni. Kusimama kunakupa sifuri. Kuinama kunakupa upande wa mbele. Ukiruka hiyo miinamo mitatu, hutaweza kutenganisha kuinama mbele na kuegemea kando. Rudia mkao wa wima kila saa. Mwishowe piga kihisi kofi tatu mbele ya kamera: vilele vitatu kwenye data ndivyo vitakavyolinganisha video na saa ya ubao.

Hatua ya 5: hesabu. Kichujio kinachochanganya jairoskopu na akselerometa ni hiki: Pembe mpya = 0.98 × (pembe ya zamani + kasi ya jairoskopu × 0.01) + 0.02 × pembe ya akselerometa. Wengi hunakili 0.98 bila kufikiri. Kwa usomaji mara 100, namba hiyo huiamini jairoskopu kwa takriban nusu sekunde tu, na mtu anayepanda ubao wa lori mbiombio hutikisika zaidi ya hapo. Weka 0.995 na 0.005, ni kama sekunde 2. Kisha hesabu asilimia ya muda chini ya digrii 20, kati ya 20 na 60, na juu ya 60, ambayo ndiyo mipaka ya kiwiliwili katika RULA, njia ya kukagua mikao ya kazini. Wastani peke yake usiuandike: mtu aliyekaa akisubiri gari huushusha.

Ruhusa ya mwenyewe ichukuliwe kabla, kwa lugha anayoielewa, na jina lisiingie kwenye faili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Uganda ya 2019 inahusu hata haya. Na kwa kuwa wengi hulipwa kwa kila gari, usimcheleweshe.

Maswali ya wanachama

*Saa sita mchana mtu amesimama wima lakini pembe inasema 25. Kichujio kimeharibika?*
Ndugu, angalia pembe ya akselerometa peke yake wakati amesimama tuli. Ikisema 25 pia, mkanda umeteleza. Ikisema 2 au 3, ni jairoskopu ambayo kichujio hakiisahihishi: kosa la digrii 0.1 kwa sekunde likiachwa bila kusahihishwa huwa digrii 6 kila dakika.

*Simu inatosha?*
Kwa kihisi kimoja, ndiyo. Phyphox ni bure na hutoa faili la CSV. Ila simu ni nzito na hucheza kwenye mfuko, hivyo ibane kabisa kifuani. Kwa mtu wa cherehani inafaa. Kwa mpakiaji, kioo hakitamaliza siku.

*Je, data itaonyesha uzito wa mkungu?*
Haionyeshi. Mwinamo wa digrii 50 na mikono mitupu unafanana kabisa na ule wa kunyanyua mkungu mzima. Pima mikungu kumi au zaidi kwa mizani ya kuning'iniza, kisha tumia video kujua ni mwinamo upi ulikuwa na mzigo. Na wale wanaotaja kilo 23 za NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini: hizo ni za kunyanyua katika hali bora kabisa, mzigo ukiwa karibu na mwili. Kutembea nao begani hakumo kwenye fomula hiyo.