Kabla hujaulizia tiba ya jeni ya masikio

Kazi yangu ni kupima masikio ya watoto, na siku hizi wazazi huniuliza: "Dada, ile tiba ya China itamfaa mwanangu?" Wanamaanisha tiba ya kumpa mtoto asiyesikia nakala nzima ya jeni yenye hitilafu. Usianzie huko. Anzia kwenye vipimo.

Omba vipimo viwili, usiridhike na kimoja. Cha kwanza ni kijiti kinachotiwa sikioni kunasa mwangwi wa seli za sikio la ndani. Cha pili, mtoto akiwa amelala, tunambandika waya kwenye paji la uso na nyuma ya masikio kuona kama sauti inafika kwenye ubongo. Mwangwi ukiwepo lakini ubongo haujibu, huenda shida ni jeni ya OTOF: seli zinapokea sauti ila hazipitishi taarifa kwenye mshipa wa fahamu. Mtoto huyu hufaulu kipimo cha kwanza, basi mama anaambiwa hakuna tatizo. Hilo huniudhi sana.

Sasa pima vinasaba. Nakala zote mbili za OTOF zikiwa na hitilafu, zungumza na daktari kuhusu majaribio ya tiba hiyo. Nakala nzima ya jeni hubebwa hadi kwenye seli na kirusi kilichobadilishwa kisilete ugonjwa, lakini OTOF ni ndefu mno kwa kirusi kimoja, kwa hiyo hugawanywa kwa virusi viwili na kudungwa sikio la ndani. Huko Shanghai, katika matokeo yaliyochapishwa 2024, watoto 5 kati ya 6 walianza kusikia.

Kama si OTOF, tiba hiyo haimhusu.

Uliza mapema kuhusu kipandikizi, yaani kifaa cha kusikia kinachowekwa sikio la ndani kwa upasuaji, maana sikio lililokwisha kuwekewa kwa kawaida halipokelewi kwenye majaribio. Huku mkisubiri, mfundisheni lugha ya alama, bibi na babu wakiwemo.