Kuhamisha programu inayokimbia bila kuivua ulinzi: CRIU na AppArmor

Habari wadau, mimi niko Kirumba, Mwanza, tuna programu inayojumlisha mizigo ya dagaa na sangara wa soko la Mwaloni, ikianza inakimbia masaa mengi, sasa umeme ukikatika yupiesi inanipa dakika ishirini tu, ndo maana natumia CRIU, zana ya Linux, inaigandisha programu yote kwenye mafaili (nayaita picha) alafu naiamsha kwenye laptop pale pale ilipoishia. Ila wengi wanaisahau lebo ya ulinzi, yaani jina la profaili (faili la sheria) ambalo AppArmor, ulinzi wa Linux, inaifungia programu, jamani tusifanye hivo.

Hatua ya 1. Kabla ya kugandisha angalia imefungwa na profaili gani, pale penye 1234 weka PID yako (namba ya programu inayokimbia):

sudo cat /proc/1234/attr/current

Mimi naona hesabu_mwaloni na pembeni yake neno enforce, yaani sheria zinalazimishwa. Ukiona unconfined basi AppArmor haijaifunga.

Hatua ya 2. Gandisha:

sudo criu dump -t 1234 -D /root/picha

Kama uliiwashia kwenye terminal ongeza --shell-job, huku na kwenye kuamsha. Hilo folda tengeneza mapema, lipige chmod 700, maana yale mafaili ya pages ni memori yenyewe, pasiwedi ya database imo humo humo. Usiyabebe kwenye flashi ya kuazimana hata siku moja.

Hatua ya 3. Hapa ndo penyewe. CRIU inabeba jina la profaili tu, sheria zake haibebi, kwahiyo kopi profaili upeleke kwenye laptop uipakie kwanza:

sudo apparmor_parser -r /etc/apparmor.d/hesabu_mwaloni

Isipokuwepo, restore inagoma. Mara ya kwanza nilihangaika nusu saa nzima, mtu akanambia zima AppArmor yaishe, nikakataa, na wewe kataa. Kama kule profaili ina jina lingine tumia --lsm-profile apparmor:jina_jipya. Mashine ya SELinux (ulinzi mwingine wa Linux) haitaipokea lebo ya AppArmor, tafuta inayofanana na yako.

Hatua ya 4. Folda la picha liwe limeshahamishiwa kwenye laptop, programu na mafaili yake yawe kwenye njia zile zile, alafu:

sudo criu restore -d -D /root/picha

Rudia ile cat. Jina likiwa sawa usiondoke bado, soma neno la pembeni, CRIU haitunzi hali ya enforce, kwahiyo kama kwenye laptop profaili iko complain programu itaamka vizuri tu, ikivunja sheria inaandikwa kwenye logi na hakuna kinachoizuia. Ikiwa hivo piga:

sudo aa-enforce /etc/apparmor.d/hesabu_mwaloni

Angalia tena mpaka uone enforce, ndo ufute zile picha kwenye mashine zote mbili.