Bonde la Turkana: si kila kijani ni malisho

Ukitazama mto Turkwel kutoka kilimani karibu na Lodwar, utaona ukanda wa kijani katikati ya nchi inayopata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka. Usifurahi upesi. Shuka ukague ni mti gani. Sehemu nyingi utakuta mathenge, ambao Waturkana huuita etirae, umesongamana hata mbuzi hana pa kupita, na chini yake hakuna nyasi. Ulipandwa katika nchi kavu za Kenya miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Kufikia 2008 serikali ilikuwa imeutangaza kuwa magugu hatari.

Mti wa kulindwa ni ewoi, yaani mgunga, ambao maganda yake ya mbegu hulisha mbuzi wakati wa kiangazi.

Kuotesha ewoi, anzia kwenye boma lililohamwa. Mbuzi hula maganda ya ewoi, mbegu hutoka na kinyesi, na mvua ikinyesha miche huota juu ya ile samadi. Ukihama, acha ua wa miiba ubaki na uzibe mlango, mifugo isiingie hadi miche ipate nguvu. Lakini mbegu za mathenge nazo hupitia tumboni mwa mifugo zikabaki hai, kwa hiyo kagua mche kwa mche. Ewoi una miiba ya aina mbili, mirefu iliyonyooka na mifupi iliyopinda kama kucha. Mathenge una iliyonyooka tu. Ung'oe na mizizi yake udongo ukiwa bado na unyevu.

Mathenge uliokomaa haufi kwa panga. Ukikatwa juu ya ardhi hurudi na machipukizi mengi kuliko mwanzo, na hapo ndipo jasho la watu wengi hupotea bure. Fukua shina kwa sururu, ukate sentimita 10 hadi 20 chini ya udongo. Mti uchome mkaa. Maganda yasage kabisa mpaka mbegu zivunjike, kisha uchanganye unga huo na nyasi kavu, uwe chakula cha mifugo. Mbuzi wanaokula maganda mazima kwa wingi huharibika meno kwa ile sukari, na pia husambaza mbegu.

Mahali palipofyekwa pasikae wazi. Kabla ya mvua za Machi chimba makingo ya udongo yenye umbo la nusu mwezi ya kushika maji, mdomo ukielekea juu ya mteremko, umwage ndani mbegu za nyasi za kudumu kama Cenchrus ciliaris na kuzifunika kwa udongo kidogo sana. Usilishe hapo hadi nyasi zidondoshe mbegu.

Kando ya mto, wenye ekwar, yaani sehemu ya miti ya mtoni inayomilikiwa na familia, wakubaliane na majirani mapema, kabla ya kiangazi: maganda ya ewoi yatikiswe kwa ufito, matawi yasikatwe.