Tahadhari ya dharura kazini: anza na mtu anayefikiwa mwisho

Alfajiri moja chumba cha umeme cha jengo letu la halmashauri kilishika moto. Mlinzi akanipigia, nami nikafuata mwongozo ulivyosema: nikatuma barua pepe kwa kundi la "Wafanyakazi Wote" kwamba jengo limefungwa, asiingie mtu. Nilipofika, korido ya chini ilikuwa imejaa moshi, na mle ndani nikamkuta mama wa usafi ameshika ndoo. "Nimeona moshi, nikadhani wanachoma taka huko nyuma," aliniambia huku akikohoa. Aliingia kwa mlango wa nyuma kama siku zote. Barua pepe ya kazini hakuwa nayo, hakuwahi kupewa. Kwenye kundi la wafanyakazi wote, yeye hakuwamo.

Hakuumia, lakini sikuisahau ile ndoo. Ndiyo maana nikiulizwa mfumo wa kutuma tahadhari kwa wafanyakazi wa serikali za mitaa uanzie wapi, siwapeleki watu kwenye programu kwanza. Nawaambia wamtafute mtu ambaye habari humfikia mwisho: mfagizi, dereva wa gari la taka, mlinzi wa zamu ya usiku, muuguzi wa zahanati ya mbali. Mfumo ukimfikia huyo, aliyekaa ofisini na kompyuta mbili atafikiwa tu.

Orodha ndiyo kazi yenyewe. Usiichukue ya mishahara ukaridhika nayo, maana haina wafanyakazi wa mkandarasi, vibarua, wanaojitolea wala wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Nenda getini asubuhi na kitabu cha mahudhurio, ulinganishe majina. Mimi nilifanya hivyo siku tano mfululizo, na kila siku nilipata mtu ambaye hayumo kwenye karatasi yangu. Kwa kila mmoja andika jina, kituo cha kazi, zamu, namba ya simu ya kwanza na ya pili, na kama anataka kusomewa kwa sauti badala ya kuletewa maandishi. Kuna wasioona vizuri, na kuna wasiosikia ambao simu ya sauti haiwasaidii kitu. Waulize wenyewe.

Makundi yapange kwa mahali, si kwa cheo. Moto haujui nani ni mkuu wa idara. Unajua nani yuko ghorofa ya pili. Kisha kila mwezi kaa na afisa utumishi mpitie walioajiriwa, waliohama na walioacha kazi. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika kampuni ya simu humpa mtu mwingine, kwa hiyo namba ya mwaka juzi inaweza kumtia hofu mtu asiyewajua, huku mfanyakazi wako akikosa habari. Na waahidi watu kwamba namba zao ni za dharura tu, halafu itunze ahadi hiyo. Siku utakapozitumia kutangaza kikao, wataanza kuzima mlio wa meseji zako, na watakuwa na haki.

Sasa njia. Usitegemee moja. Meseji hufika hata kwenye simu ndogo isiyo na intaneti, simu ya sauti humwamsha aliyelala, barua pepe hubeba maelezo marefu ya baadaye, na kengele au king'ora humfikia aliyeacha simu kwenye kabati. Muulize mtoa huduma maswali ya hesabu, usikubali neno "papo hapo". Ukiwa na watu 1,200 na mtambo unatuma meseji 10 kwa sekunde, za mwisho zinaondoka baada ya dakika 2. Watu hao hao ukiwapigia kwa laini 20, kila simu ikichukua sekunde 40, utamaliza baada ya dakika 40. Kwa moto hizo ni nyingi mno. Kwa hiyo meseji zitangulie, na simu za sauti uanze nazo kwa walio ndani ya jengo lenyewe.

Hakikisha pia mfumo hauishi kwenye seva iliyo ndani ya jengo lile lile. Umeme ukikatika huko, na tahadhari imekatika. Uwe unaweza kuufungua kwa simu yako ukiwa umesimama barabarani.

Kwenye kuandika meseji ndiko nilikoona makosa mengi. Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160. Ukiweka kikaragosi (emoji) kimoja tu, au alama za kunukuu zilizopinda ambazo kompyuta huziweka yenyewe, nafasi inashuka hadi herufi 70 na ujumbe unakatwa vipande. Andika hivi:

DHARURA 4:10 asubuhi: Moto jengo la Ardhi. Tokeni nje sasa kwa ngazi, msitumie lifti. Kusanyikeni uwanja wa nyuma. Jibu 1 = niko salama, 2 = nahitaji msaada.

Hizo ni herufi 157, nafasi zikiwemo. Tazama mpangilio wake: saa, kitu gani, wapi, fanya nini, kisha nijibu. Hakuna "tunapenda kuwataarifu". Saa ni lazima, kwa sababu simu iliyokuwa imezimwa inaweza kuupokea ujumbe huo jioni, na mtu akakimbia moto uliozimwa mchana.

Hapo kwenye kujibu kuna mtego ulioninasa. Tulinunua huduma ambayo meseji zake zilionyesha jina la halmashauri badala ya namba. Ilipendeza sana. Siku ya zoezi hatukupata jibu hata moja, nasi tukadhani watu wamepuuza. Kumbe meseji inayotoka kwa jina haijibiki. Simu haina namba ya kurudishia. Kama unataka majibu, na unayahitaji ili ujue nani bado yuko ndani, omba namba inayopokea. Kila mfanyakazi aihifadhi kwa jina kama "DHARURA KAZINI" na airuhusu ipite hata simu ikiwa kimya.

Andaa violezo mapema: moto, mafuriko, mtu mwenye silaha, kuvuja kwa gesi, ofisi kufungwa, mfumo wa kompyuta kuvamiwa. Na kiolezo ambacho wengi hukisahau ni cha kufuta. Tarehe 13 Januari 2018 wakazi wa Hawaii walipokea kwenye simu zao onyo la kombora lililodaiwa kuelekea kwao, na likasema wazi kwamba si zoezi. Kombora halikuwapo. Meseji ya kusahihisha ilitoka baada ya dakika 38, na sababu moja ni kwamba ujumbe wa kufuta haukuwa umeandaliwa. Ninapofundisha, huwa nawaomba watu wakae kimya dakika moja tu, kisha wazidishe kwa 38. Kiolezo cha kufuta kikae jirani na cha kutuma, na anayeruhusiwa kutuma aruhusiwe kufuta bila kuomba kibali.

Kuhusu kibali, hapa huwa nabishana na wakubwa, na sitaacha. Kama ujumbe wa moto lazima usainiwe na mkurugenzi, na mkurugenzi yuko safarini, huna mfumo. Teua watu wasiopungua watatu kwa majina, wa zamu tofauti, kila mmoja na nywila yake. Kwa mambo ya dakika, kama moto au silaha, mmoja wao atume peke yake. Kwa mambo ya saa, kama kufunga ofisi kesho kwa sababu ya mvua, wawili wasomeane kwanza. Yaandikwe, yasainiwe na mkurugenzi leo, ili siku yenyewe asitafutwe.

Zoezi fanya angalau mara mbili kwa mwaka, moja likiwa nje ya saa za kazi. Neno ZOEZI liwe la kwanza kwenye ujumbe na la mwisho pia. Usihesabu meseji zilizotumwa, wala ripoti inayosema zimefika kwenye simu. Hesabu waliojibu, na andika walichukua dakika ngapi.

Kisha chukua majina ya wasiojibu. Usiwatumie barua ya kuwataka wajieleze. Wapigie mmoja mmoja, au umfuate mtu kituoni kwake, umwombe akuonyeshe simu yake. Zoezi letu la mwisho walibaki 19. Wanne walikuwa wamebadilisha laini, mmoja simu yake ilijaa meseji, na mlinzi wa ghala la dawa alinionyesha kona anayokaa usiku, ambako hakuna mtandao kabisa. Pale tumeweka kengele ya waya, na kitufe chake kiko getini.