Somo: Kumpelekea mfungwa wetu vitabu bila kumwanika

Swali ni lile lile kila wiki: rafiki yetu kuchu, yaani wa mapenzi ya jinsia moja, yuko ndani, anataka kitu cha kusoma, tufanyeje? Naandika hapa mara moja. Mkiniuliza tena nitawaelekeza hapa.

1. Muulize yeye anataka nini. Wengi huomba kamusi, vitabu vya KCSE, au riwaya nene ya kumpitishia usiku.

2. Nenda kwa afisa wa ustawi wa gereza, uulize wanapokea nini na siku gani.

3. Chagua jalada laini. Toa pini na klipu zote.

4. Kagua ukurasa kwa ukurasa. Hapa tulieni. Kitabu hufunguliwa langoni, kisha hufunguliwa tena na wenzake selini. Cha mtumba huja na mambo yake: jina la mwenyewe wa kwanza, namba ya simu, kijikaratasi cha mapenzi. Kuna riwaya tuliyowahi kupeleka, haina neno hata moja la mambo yetu, ila ndani ya jalada palikuwa na muhuri wa kikundi cha makuchu. Muhuri ukasomwa kwa sauti mbele ya watu. Kijana yule alikuwa na kesi ya wizi tu, na hakuna mle aliyejua lingine lolote juu yake. Akatuma salamu kupitia kwa dadake: msiniletee tena.

Basi hakuna muhuri, hakuna utepe wa rangi za upinde wa mvua, hakuna "kwa mpenzi wangu". Jalada likitaja mambo yetu waziwazi, usilivike gazeti. Kilichofichwa ndicho hufunuliwa kwanza. Tafuta kingine. Na usimpangie ujasiri mtu mwingine, kwa maana atakayelala mle usiku huo si wewe.

5. Andika orodha nakala mbili, moja isainiwe ubaki nayo.

6. Rudi kumjulia hali, hata kama huna kitabu.

Maswali

Nahodha_Likoni: Nitumie tu namba ya huyo afisa wa gereza la Shimo la Tewa.
— Soma hatua ya 2. Namba za watu siweki hapa. Nenda ukaulize, matatu za Mtwapa zinapita karibu na gereza.

MtuWaKongowea: Si utashikwa na kitabu cha kuchu?
— Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya ni kifungo cha hadi miaka 14, cha 165 hadi miaka 5, na vyote vinaadhibu tendo la ngono. Kusoma havikutaji. Picha za ngono ni jambo jingine, kifungu cha 181, hizo msipeleke kabisa. Lakini askari wa langoni hahitaji kifungu ili akatae kitabu, ndiyo maana hatua ya 4 ni ndefu.

MtuWaKongowea: Kwa hivyo ni ruhusa?
— Nimeshajibu, kaka. Soma tena.

BintiKibokoni: Dada, naandika hadithi zetu za hapa Pwani lakini naogopa. Kuna Mkenya aliyewahi kusema waziwazi kwamba ni kuchu?
— Yupo, mpenzi. Mwandishi Binyavanga Wainaina, Januari 2014, aliandika insha akimwambia mamake aliyekwisha kufariki. Alikufa tarehe 21 Mei 2019, na siku tatu baadaye Mahakama Kuu ikakataa kufuta vifungu hivyo nilivyotaja. Tafuta insha yake uisome polepole. Wewe tumia jina la kalamu, hata mhariri asijue mtaa wako, na malipo yako udai. Na ninyi wengine, kitabu cha mwandishi kuchu kinunueni. Ukitoa fotokopi unamnyima chakula yule yule unayedai kumuunga mkono.

BintiKibokoni: Asante sana. Na nchi nyingine hufanyaje?
— Marekani kuna LGBT Books to Prisoners, wako Madison, Wisconsin. Mfungwa huandika barua akieleza anachopenda, watu wa kujitolea humchagulia na kumtumia bure. Hatua ya 1 nimeichukua kwao.

Ustadh_wa_Vitabu: Vyangu vinaota kuvu kabla ya siku ya kupeleka.
— Visiguse ukuta, hasa nyumba za mawe za zamani, chumvi hutoka ukutani. Vianike kivulini penye upepo. Jua la saa sita hupinda jalada.

MjukuuWaBibi: Bibi yangu huweka mwarobaini kabatini.
— Sawa, ila majani yakauke kabisa, mabichi huacha doa. Na ukung'ute kila kitabu kabla ya kwenda. Jani kavu likianguka langoni, watadhani ni bangi na wataukataa mzigo mzima.